Gesi ya Soda Hukaa Wapi Kabla Chupa Haijafunguliwa?

Msomaji wetu ameuliza: "Chupa ya soda iliyofungwa huwa imetulia kabisa, haina hata kiputo kimoja. Kizibo kikitoka tu, gesi inabubujika kila upande. Muda wote huo ilikuwa imejificha wapi? Pia ningependa kujua kama ni kweli kwamba ukiiminya chupa ya plastiki kabla ya kuifunga tena, soda iliyobaki haiishi gesi upesi."

Ndugu msomaji,

Nianze na pale unapouliza gesi ilikojificha, kwa sababu jibu lake ndilo litakalotufikisha kwenye swali lako la pili. Wengi hudhani kwamba gesi ya soda hukaa katika ile nafasi ndogo iliyo shingoni mwa chupa, juu ya kinywaji, ikingoja kufunguliwa. Ni kweli kwamba nafasi hiyo ina gesi, tena yenye mgandamizo mkubwa, lakini kiasi chake ni kidogo mno. Katika chupa ya lita moja yenye nafasi ya mililita 30 shingoni, gesi iliyo juu ya kinywaji haifiki robo ya gramu, ilhali ndani ya kinywaji chenyewe kwa kawaida mna gramu 6 hadi 8. Gesi hiyo ni kaboni dioksidi, ile ile tunayoitoa tunapopumua, na ikitolewa yote katika kinywaji na kuachwa huru katika joto la kawaida la chumba, itajaza chombo cha lita 3 hadi 4 hivi. Lita moja ya kinywaji, basi, imebeba gesi yenye ujazo unaoushinda ujazo wake yenyewe mara tatu au zaidi, na bado inaonekana kama maji matulivu.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu gesi imeyeyuka. Kuyeyuka huko hakutofautiani sana na kwa sukari: molekuli hutawanyika moja moja katikati ya molekuli za maji, wala hakuna mahali ambapo zimekusanyika kwa wingi wa kutosha kuunda kiputo. Hata ungetumia hadubini nzuri usingeiona gesi ndani ya chupa iliyofungwa, kwa kuwa hakuna mpaka kati yake na maji. Kiputo cha kwanza unachokiona ni gesi ambayo tayari imeshaacha kuwa sehemu ya kinywaji. Naomba uishike hoja hiyo, kwa maana watu huvitazama viputo kana kwamba ndivyo uhai wa soda, lakini kwa mkemia viputo ni hasara inayoonekana kwa macho.

Kanuni inayotawala jambo hili ilielezwa mwaka 1803 na mkemia Mwingereza William Henry. Kwa ufupi, kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika hulingana na mgandamizo wa gesi hiyo hiyo juu ya kimiminika. Mgandamizo ukiongezwa maradufu, gesi inayoyeyuka nayo huongezeka maradufu. Katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, lita moja ya maji iliyowekwa chini ya kaboni dioksidi tupu, yenye mgandamizo sawa na wa hewa inayotuzunguka, huyeyusha takribani gramu 1.5 za gesi hiyo. Ukitaka gramu 6 katika lita, basi mgandamizo huo lazima uwe mara nne, na hicho ndicho kiasi kinachoikaza chupa ya soda katika siku ya joto la kadiri. Ndani ya chupa iliyofungwa molekuli hazikutulia hata kidogo. Kila wakati zipo zinazotoka kwenye kinywaji kwenda shingoni na zipo zinazorudi. Ila zinazotoka na zinazorudi ni sawa kwa idadi, na usawa huo ndio tunaouona kama utulivu.

Sasa fungua chupa. Sauti ile fupi unayoisikia ni gesi ya shingoni ikitoka, na kijiwingu chembamba kinachoonekana mdomoni mwa chupa si kaboni dioksidi, kwa kuwa gesi hiyo haina rangi. Ni mvuke wa maji uliogeuka matone madogo, baada ya gesi kupanuka ghafla na kupoa kwa makumi ya nyuzi katika sehemu ndogo ya sekunde. Kuanzia hapo kinywaji kimewekwa mbele ya hewa ya kawaida, ambayo kaboni dioksidi yake ni sehemu kama 4 tu katika kila sehemu 10,000. Kwa kanuni ya Henry, maji yaliyotulia mbele ya hewa kama hiyo yanapaswa kubaki na takribani miligramu 0.6 za gesi hiyo katika lita moja. Soda yako wakati huo ina gramu 6. Inabeba kiasi kinachozidi stahili yake mara elfu kumi, na haina budi kukitoa.

Hapa ndipo swali lako linapokuwa zuri zaidi kuliko pengine ulivyokusudia, kwa sababu linalohitaji maelezo ni kwamba gesi hutoka polepole. Kama soda imezidiwa kiasi hicho, mbona haifoki yote kwa mpigo kila mara inapofunguliwa? Mbona bilauri ya soda huendelea kutoa viputo kwa dakika nyingi?

Sababu ni kwamba kuunda kiputo kipya ni kazi ngumu. Molekuli za maji hushikana kwa nguvu, na uso wowote wa maji hutenda kama ngozi iliyovutwa, hali ambayo huitwa mvutano wa uso wa maji. Kiputo kimezungukwa na ngozi hiyo pande zote, nayo hukibana. Na kadiri kiputo kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyobanwa zaidi. Kiputo chenye nusu kipenyo cha nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) hubanwa na mvutano huo kwa kiasi kinachokaribia mara 140 ya mgandamizo wa hewa, na gesi iliyo katika soda haina nguvu ya kuukabili mbano huo. Molekuli chache zikikutana kwa bahati na kuanza kuunda kiputo, husambaratishwa mara moja na kurudishwa kwenye maji. Kwa soda ya kawaida, kiputo hakiwezi kuishi na kukua ila nusu kipenyo chake kikifikia takribani nusu maikromita, yaani nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Ni kidogo kwa macho yetu, lakini ni kikubwa mno kwa molekuli zinazotangatanga moja moja.

Kwa hiyo viputo vya soda karibu vyote havizaliwi katikati ya kinywaji. Huanzia mahali ambapo tayari kuna kifuko cha hewa kilichozidi kipimo hicho. Itazame bilauri kwa makini na utaona kwamba viputo hupanda kwa mistari, kimoja nyuma ya kingine, kutoka nukta ile ile. Nukta hiyo mara nyingi ni uzi mdogo wa pamba ulioachwa na kitambaa cha kufutia, au chembe ya vumbi, au mkwaruzo uliofungia hewa wakati kinywaji kinamiminwa. Gesi iliyoyeyuka huingia katika kifuko hicho, kiputo hukua hadi kikaachia na kupanda, kisha kifuko hubaki na hewa kidogo ya kuanzia kingine. Mwanafizikia Gérard Liger-Belair wa Chuo Kikuu cha Reims, Ufaransa, ametumia miaka mingi kuchunguza jambo hili katika mvinyo wa Champagne, na picha alizozipiga za nyuzi hizo zikitema viputo zinaonyesha hewa iliyonaswa ndani ya mrija wa uzi. Bilauri iliyooshwa kwa ukamilifu, isiyo na uzi wala mkwaruzo, hutoa viputo vichache sana, hata mnywaji akadhani kauziwa soda iliyoisha gesi.

Nitaje pia kwamba kiputo kinapopanda hukua, na wengi hudhani ni kwa sababu mgandamizo wa maji hupungua kadiri kinavyokaribia juu. Katika bilauri yenye kimo cha sentimita 15 tofauti hiyo haifiki asilimia 2. Kiputo hukua kwa sababu njia nzima kinaendelea kupokea gesi kutoka kwenye kinywaji kinachokizunguka.

Ukilielewa hilo, kufoka kwa soda iliyotikiswa hakutakushangaza tena. Kutikisa hakuongezi gesi, wala chupa ikishatulia hakuiachii mgandamizo mkubwa kuliko uliokuwapo awali. Kunachofanya ni kuichukua gesi ya shingoni na kuichanganya na kinywaji kwa umbo la viputo vidogo sana, ambavyo hubaki vikielea au vikishikamana na kuta. Chupa ikifunguliwa wakati huo, molekuli hazihitaji kupambana na mvutano wa uso wa maji, kwa kuwa viputo tayari vipo kwa maelfu, kila kimoja kikipanuka na kusukuma kinywaji mbele yake. Dawa yake ni kungoja dakika kadhaa ili viputo vipande juu au viyeyuke tena. Ile desturi ya kuligongagonga kopo kwa kidole kabla ya kulifungua haina uthibitisho: mwaka 2019 watafiti wa Denmark walifanya jaribio kwa makopo zaidi ya elfu moja ya bia, mengine yakitikiswa na mengine yakigongwa, wala kugonga hakukupunguza kinywaji kilichomwagika.

Peremende za Mentos zinazotumbukizwa katika soda hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2008 mwanafizikia Mmarekani Tonya Coffey alichapisha utafiti katika jarida la American Journal of Physics ulioonyesha kwamba uso wa peremende hizo una vishimo na mikwaruzo mingi ya kuanzishia viputo, na kwamba uzito wake huzizamisha upesi hadi chini, ili viputo vipite katika kinywaji chote vikipanda. Aliona pia kwamba aspatemu, utamu unaotiwa katika soda zisizo na sukari, hupunguza kazi inayohitajika kuunda kiputo. Hakuna kemikali mpya inayozalishwa. Chumvi au mchanga safi hutoa povu vivyo hivyo, na mchanga hautendi chochote na kaboni dioksidi.

Joto nalo lina sehemu yake. Gesi nyingi, tofauti na sukari, huyeyuka vizuri zaidi katika maji ya baridi. Chini ya mgandamizo ule ule wa hewa ya kawaida, lita moja ya maji huyeyusha takribani gramu 3.3 za kaboni dioksidi katika nyuzijoto 0, na nusu yake tu, takribani gramu 1.7, katika nyuzijoto 20. Kwa sababu hiyo viwanda huyapoza maji kabla ya kuyatia gesi, baada ya kuyaondolea hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake, kisha hujaza chupa chini ya mgandamizo ili gesi isitoroke njiani. Kwa sababu hiyo hiyo chupa iliyosahauliwa juani huwa ngumu kama jiwe: ikifika nyuzijoto 40, mgandamizo wa soda yenye gramu 6 za gesi kwa lita hukaribia mara sita ya ule wa hewa. Gesi ni ile ile, ila maji yamepoteza uwezo wa kuishika.

Huenda ukauliza kwa nini ichaguliwe kaboni dioksidi na isiwe gesi nyingine, kama vile nitrojeni, ambayo imejaa hewani. Nitrojeni huyeyuka katika maji kwa kiasi kilicho pungufu mara 50 hivi, na hata ikiyeyuka haina ladha. Kaboni dioksidi hukutana na maji na kidogo yake hugeuka kuwa asidi ya kaboni. Nasema kidogo kwa makusudi: katika joto la kawaida, takribani molekuli moja tu katika kila 600 zilizoyeyuka huwa asidi hiyo, na zilizobaki hukaa kama gesi iliyoyeyuka. Asidi yenyewe huachia ayoni za haidrojeni, chembe ndogo zinazoleta uchachu, na maji matupu yaliyotiwa gesi kama ya soda hufikia kipimo cha pH kinachokaribia 4 (kadiri pH inavyoshuka chini ya 7 ndivyo uchachu unavyozidi). Soda za kola hushuka hadi takribani 2.5, lakini huko zimepelekwa na asidi ya fosforiki inayotiwa kiwandani, wala si gesi.

Asidi ya kaboni, ingawa ni kidogo, ndiyo inayouchoma ulimi. Watu wengi, hata baadhi ya walimu, husema kwamba mchomo wa soda unatokana na viputo kupasuka mdomoni, na mimi pia nilifundishwa hivyo. Majaribio yanakataa. Watu waliokunywa vinywaji vya gesi ndani ya vyumba vya mgandamizo mkubwa, ambamo viputo haviwezi kutokea, waliendelea kuuhisi mchomo ule ule. Kinachotokea ni kwamba mwili una kimeng'enya kiitwacho kaboniki anihaidrasi, ambacho huiharakisha kaboni dioksidi kuwa asidi. Bila msaada wake, nusu ya badiliko hilo huchukua takribani sekunde 20, muda ambao mnywaji ameshameza na kusahau. Kikiwapo, molekuli moja ya kimeng'enya huweza kuzibadili molekuli hadi milioni moja kwa sekunde. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba panya walioondolewa aina moja ya kimeng'enya hiki katika seli za ulimi zinazotambua uchachu walipungukiwa sana na uwezo wa kuitambua gesi hiyo kwa ladha. Wapanda milima huligundua jambo hilo bila maabara: dawa ya asetazolamaidi, ambayo wengi wao hutumia kujikinga na maradhi ya mwinuko, huzuia kimeng'enya hicho, na wakifungua soda au bia huona imekufa ladha ingawa inabubujika mbele yao. Viputo vina mchango wao, kwa kuwa huupapasa ulimi na kubeba harufu hadi puani, lakini ukali hautoki kwao.

Historia ya soda nitaigusa tu. Joseph Priestley, aliyeishi jirani na kiwanda cha bia mjini Leeds, Uingereza, aliona mwaka 1767 kwamba maji yaliyowekwa juu ya mapipa ya bia inayochachuka hunasa gesi na kupata ladha ya kupendeza, na mwaka 1772 alichapisha maelekezo ya kuitengeneza kwa chaki na asidi ya salfuriki. Johann Jacob Schweppe aliigeuza kuwa biashara mjini Geneva kuanzia mwaka 1783. Kanuni ya Henry ilikuja miaka 20 baadaye.

Sasa turudi kwenye chupa yako ya plastiki. Ushauri wa kuiminya una mantiki fulani: ukipunguza nafasi tupu, gesi haina pa kukimbilia. Mantiki hiyo ingekuwa sahihi kama chupa ingebaki imeminyika. Lakini mara tu unapoifunga, gesi huanza kutoka kwenye kinywaji, mgandamizo hupanda, na plastiki laini husukumwa hadi irudi katika umbo lake. Nafasi uliyoiondoa imerudi yote, na iliyoijaza ni gesi ya soda yako. Kwa nafasi kubwa, hasara si ndogo. Katika nyuzijoto 25, chupa iliyobaki nusu soda na nusu nafasi tupu itakapofikia usawa, zaidi kidogo ya nusu ya kaboni dioksidi yote iliyokuwamo itakuwa imehamia katika nafasi tupu. Kila ukifungua unaitupa hiyo, na hesabu inaanza upya na kilichobaki.

Je, ukiiacha bila kuiminya, hewa iliyomo ndani haitasaidia kuizuia gesi isitoke? Kwa mwisho wa safari, hapana. Kanuni ya Henry hutazama mgandamizo wa kaboni dioksidi peke yake. Hewa iliyo juu ya kinywaji, ambayo karibu yote ni nitrojeni na oksijeni, haihesabiwi. Chupa mbili, moja iliyominywa ikajirudi na nyingine isiyoguswa, zitaishia na kiasi kile kile cha gesi katika kinywaji. Kwa hoja hiyo hiyo, vile vifuniko vyenye pampu ya kusindilia hewa ndani ya chupa haviokoi gesi kama vinavyodaiwa. Hewa vinayoisindilia hukandamiza viputo, na hivyo huchelewesha upotevu, lakini haibadilishi mahali usawa utakapoangukia. Chupa hukaza, mwenye chupa hufarijika, na soda huendelea kupungukiwa.

Kinachosaidia kweli ni kuipunguza nafasi kwa namna isiyoweza kurudi. Imimine soda iliyobaki, ingali ya baridi, katika chupa ndogo safi ambayo itajaa hadi karibu na mdomo, ukiilaza chupa hiyo ili kinywaji kiteremke ubavuni bila kupigwa na kuchanganyika na hewa, kisha uifunge kwa nguvu na kuirudisha kwenye jokofu. Utapoteza gesi kiasi wakati wa kumimina, hilo halikwepeki. Kama unaweza kuchagua, chagua ya kioo, kwa sababu kaboni dioksidi hupenya polepole katika kuta za plastiki yenyewe, hata kifuniko kiwe kimekazwa vipi, na chupa ya plastiki kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo ukuta wake unavyokuwa mkubwa ukilinganishwa na kinywaji kilichomo. Upenyaji huo ni wa majuma na miezi, kwa hiyo kwa soda utakayoinywa kesho hata ya plastiki inatosha.